Glasi Tatu za Mama Povu

Mtaani kwao kila mtu alikuwa na lake la kumpotezea muda. Kuna aliyefuga njiwa, kuna aliyefuma vitambaa vya makochi, na kuna mmoja aliyejifunza kupiga gitaa mpaka majirani wakatuma ujumbe wa heshima kumwomba apumzike. Mama Povu alipika bia.

Tuelewane mapema. Hakupika kwa kuuza, na mteja mmoja aliyewahi kugonga mlango na pesa mkononi alirudi nazo vilevile. Wala hakupika kwa kulewa, maana glasi mbili tu zilitosha kumfanya aanze kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Alipika kwa sababu alipenda kuamka asubuhi akiwa na kitu cha kwenda kukichungulia. Jina lenyewe la Mama Povu alipewa na mumewe, siku mfuniko wa ndoo ulipofyatuka na kupaka dari la stoo povu zito la rangi ya kahawia. Doa halijatoka hadi leo, na jina pia.

Kazini alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari. Aliosha mirija ya kioo, alipima asidi, na alihakikisha wanafunzi wanarudi nyumbani na nyusi zao. Mazoea hayo aliyahamishia kwenye stoo ndogo nyuma ya jiko lake. Humo mlikuwa na ndoo mbili nyeupe zenye vifuniko, na juu ya kila kifuniko kibomba chembamba cha kutolea hewa, ambacho kila baada ya sekunde chache kilisema *blup*. Mlikuwa na kipimajoto, mzani wa kupimia gramu, mswaki mrefu wa kuoshea chupa, na blanketi. Blanketi lilifunika ndoo, kwa kuwa chachu haipendi baridi.

"Mke wangu ana watoto watatu," mumewe aliwaambia wateja wake gereji, alikotengeneza pikipiki. "Wawili wako shule ya bweni. Wa tatu analala kwenye ndoo, na huyo ndiye amechukua blanketi langu."

Mwenyewe hakunywa kitu kikali kuliko chai. Lakini chai aliinywa ya kutosha wawili, kwa hiyo nyumba haikukosa usawa.

Kupika bia ni kazi ya siku moja na subira ya mwezi mzima. Mama Povu aliloweka kimea cha shayiri katika maji ya moto yasiyochemka, akakaa nayo saa nzima na kipimajoto mkononi kama mtu anayeuguza mgonjwa. Akachuja, akachemsha yale maji matamu pamoja na hopsi, yale maua makavu yanayotia uchungu, kisha akaipoza sufuria haraka ndani ya beseni la barafu. Akatia chachu, akafunika, akangoja wiki mbili. Akajaza kwenye chupa na punje za sukari, akagonga vizibo, akangoja tena. Yote aliyaandika katika daftari lenye jalada gumu: tarehe, gramu, nyuzi za joto. Safu ya mwisho ya kila ukurasa iliandikwa kichwa "Kauli ya Mzee".

Mzee alikuwa baba yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika kiwanda cha bia, chumba cha kuonja, na wenzake walimwita Ulimi. Walisimulia kwamba aliwahi kusimamisha tangi zima kwa kuwa alisikia humo harufu ya rangi ya mlango uliopakwa vyumba vitatu mbali. Huenda walitia chumvi, lakini tangi lilimwagwa kweli.

Alihamia kwa binti yake miaka saba iliyopita. Mkewe alikuwa amefariki, na mafua mabaya yalikuwa yamemlaza mzee mwezi mzima. Mafua yalipoondoka yalimwacha amekaa kwenye kitanda, anatazama ukuta, hataki kunyoa. Mama Povu alimletea magazeti, akamletea redio, akamletea mpaka daktari. Mwishoni akanunua ndoo. Bia yake ya kwanza ilinuka soksi iliyolala kwenye maji, na yeye mwenyewe alijua. Lakini mzee aliposikia kwamba kuna kitu cha kuonjwa, aliamka, akanyoa, akavaa shati la kola, akasema, "Niletee glasi tatu."

Ndivyo walivyofanya kiwandani. Glasi mbili zinatiwa bia ileile, ya tatu inatiwa bia nyingine. Mwonjaji haambiwi ipi ni ipi. Anazungusha, ananusa, anaonja, kisha anataja ile iliyo tofauti. Akikosea, anyamaze, maana hana haki ya kutoa maoni juu ya kitu asichoweza hata kukitofautisha. Na kulikuwa na sheria nyingine mzee aliyoishika kuliko zote: aliyepika hana kauli. "Nyani haoni kundule," alisema. "Kila mama anaona mwanawe mzuri."

Basi kila mpiko ulipokuwa tayari, Jumamosi saa nane mchana, walikaa mezani. Hakuna kitunguu siku hiyo, hakuna manukato, hakuna maneno. Mama Povu alimimina nyuma ya pazia la jiko, akaleta sinia, akakaa mbele ya baba yake, akangoja. Kwa miaka saba mzee hakukosea glasi hata mara moja. Akishaitaja, Mama Povu alifungua daftari, akashika kalamu, akauliza kwa sauti ndogo, "Na kauli, Baba?"

"Bado."

"Bado nini? Uchungu umezidi? Chachu?"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Pika nyingine."

Mara arobaini na tatu. Mtu asome safu hiyo kuanzia juu hadi chini: bado, bado, bado, kama bomba linalovuja. Mkono wa birika unajulikana kwa pesa, lakini huyu mzee alikuwa nao wa sifa. Mama Povu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye mvi zake na funguo za kabati la kemikali, lakini kila Jumamosi mbele ya meza ile alirudi kuwa msichana aliyeleta ripoti ya shule. Alitaka neno moja tu. Alitaka baba yake aseme imeiva. Hakumwambia mtu, na hakuna asiyejua.

Mpiko wa arobaini na nne ulimpa moyo. Alipofungua chupa ya kwanza peke yake stoo, alisimama na pua juu ya shingo ya chupa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akajikumbusha kwamba aliyepika hana kauli, akairudishia kizibo.

Jumamosi ilipofika, mzee ameshakaa na shati lake la kola, simu ililia. Mkuu wa shule alitaka kujua funguo za kabati la kemikali ziko wapi, kwa kuwa wakaguzi walikuwa getini. Mama Povu akatoka uani kumweleza, na mkuu wa shule ni mtu ambaye akielezwa jambo mara moja huomba kuelezwa tena kuanzia mwanzo. Mzee hakupenda kungojeshwa. Mumewe, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka gereji kunywa chai, akajitolea.

"Nimimine mimi, Baba mkwe. Chupa hizi mbili, sivyo? Mbili za hii, moja ya ile."

Akamimina. Glasi ya tatu, ndiyo ya tofauti, aliishika kwa mkono uliotoka kuosha kabureta.

Mama Povu alipoingia, harufu ya petroli ilimpokea mlangoni. Ilijaa chumba. Glasi ya tatu ilikuwa na alama ya kidole gumba iliyong'aa rangi za upinde wa mvua. Na baba yake, mtu aliyemwaga tangi zima kwa sababu ya mlango, alikuwa ameinamisha pua ndani ya glasi hiyohiyo, macho amefumba, uso umetulia.

Akaionja. Akaiweka chini. Akaonja tena ya kwanza.

"Tofauti ni ya kwanza," alisema. Kisha, bila kuulizwa, "Na kauli ni bado."

Mama Povu aliandika neno hilo kwenye daftari kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea. Akabeba sinia mpaka jikoni, akafunga mlango, akamgeukia mumewe.

"Nionyeshe mikono yako."

Akaionyesha. Hakuhitaji hata kuinusa.

"Mume wangu, baba hasikii harufu."

"Labda ameona aibu kunisema."

"Baba yangu? Aone aibu? Si yeye aliyekwambia siku ya harusi, mbele ya watu wote, kwamba suti yako ni ya kuazima?"

"Ilikuwa ya kuazima."

"Si ndiyo nakwambia!" Akaketi kwenye ndoo tupu. "Sasa miaka yote hii anapatiaje? Hajakosea hata mara moja mpaka leo."

Mumewe akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Kwani wewe hujui? Akishika ile yenyewe, wewe unauma mdomo wa chini. Kila mara. Ndiyo maana nakushinda karata."

"Umejua lini?"

"Tangu uchumba."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nianze kushindwa?"

Mama Povu alikasirika. Kuna watu hukasirika kimya. Huyu aliosha sufuria mbili safi kwa kelele za sufuria kumi. Miaka saba! Alipunguza hopsi, akaongeza hopsi. Alibadilisha chachu mara tisa. Aliwahi kuamka alfajiri wiki nzima kupima joto la ndoo, akaenda kazini akisinzia juu ya mizani, yote hayo ili kumridhisha mtu asiyeweza kutofautisha bia na petroli. Angesema tu! Angesema siku ya kwanza!

Kisha akakumbuka maharage. Mwaka jana sufuria ya maharage iliungua jikoni mpaka ikawa mkaa, na mzee alikuwa amekaa hatua mbili kutoka jikoni anasoma gazeti. Aliita watu pale moshi ulipomwingia machoni. Walimcheka, wakasema gazeti lilikuwa tamu. Naye akacheka pamoja nao. Mama Povu aliacha sufuria, akalia kidogo, na hasira yake haikurudi tena ilivyokuwa. Mficha maradhi, kilio humfichua, walisema wahenga. Lakini hawakusema mtoto afanye nini akiyajua kabla ya kilio.

Hakumwambia kitu. Angemwambiaje mtu anayeitwa Ulimi?

Jumatatu, kwenye kifungua kinywa, mzee aliweka gazeti pembeni. "Jumamosi wanakuja wenzangu. Mwaka huu ni zamu yangu kuwakaribisha."

Wastaafu wa chumba cha kuonja walikutana mara moja kwa mwaka. Walikuwa wamebaki watatu: mzee, aliyekuwa mkuu wao ambaye bado walimwita Bosi, na mmoja aliyeitwa Kizibo kwa kuwa alianzia kazi idara ya chupa. Miaka yote walikula, wakasengenya waliopandishwa vyeo bila kustahili, wakaagana.

"Safari hii Bosi anataka tuonje," mzee alisema. "Kwa utaratibu, kama zamani. Niliwaambia unapika."

"Uliwaambia ikoje?"

"Niliwaambia waje wenyewe waone."

Alitia sukari kwenye chai, na nusu ya kijiko ikamwagika mezani. Mama Povu aliiona ile sukari, na akaelewa kwamba baba yake anaogopa. Alikuwa hajawahi kumwona akiogopa. Ilimuuma kuliko bado zote arobaini na nne.

"Sema zimevunjika," mumewe alishauri jioni. "Chupa zote. Mimi nitazivunja, nina nyundo."

"Bosi ataleta za dukani. Wataonja tu."

"Basi mwambie augue."

"Alishaugua. Ndiyo shida yenyewe."

Alikata shauri peke yake, akiosha chupa. Baba yake aliishi miaka saba kwa mdomo wake wa chini. Basi mdomo huo utafanya kazi mara moja zaidi, na safari hii kwa makusudi. Usiku alijizoeza mbele ya kioo cha bafuni.

"Unaonekana kama umeumwa na nyuki," mumewe alisema kutoka mlangoni.

"Toka."

Jumamosi Bosi alifika wa kwanza, amevaa tai. Alikuwa mrefu, mkavu, na pua yake ilitangulia kuingia mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Ndiye wewe mpishi?" Alinusa hewa ya sebule kwa utaratibu, kushoto kisha kulia. "Hakuna manukato. Vizuri. Baba yako amekulea."

Kizibo alifuata, mfupi, mchangamfu, akasalimia kila mtu mara mbili na blanketi la ndoo pia, alipoonyeshwa stoo. Wakakaa mezani. Bosi akatoa amri. Aliyepika asimimine, anajua mno. Amimine mkwe, kwa kuwa hanywi, na asiyekunywa hana upande. Mkwe akaamriwa kuosha mikono mara tatu kwa sabuni isiyonukia, akaileta sebuleni ikaguliwe, mbele na nyuma, kama mtoto wa chekechea.

"Utachagua mwenyewe ipi iwe tofauti," Bosi alimwambia. "Mpangilio uwe mmoja kwa wote. Ukimaliza, kaa jikoni. Sitaki kuona uso wako."

Mama Povu akaomba naye apewe glasi tatu. Alisema anataka kujifunza. Ukweli ni kwamba sasa hakujua ipi ni ipi, na bila kujua, mdomo wake haukuwa na maana. Bosi alifikiri, akakubali. "Onja. Lakini kauli huna."

"Sina, Mzee."

Mkwe akaleta masinia, akarudi jikoni kwenye chai yake. Mama Povu akainua glasi zake moja baada ya nyingine, na hakuhitaji kurudia. Ya pili. Ule ulikuwa mpiko wa arobaini na tatu, uliopata joto kidogo siku ya pili, na ulinukia ndizi mbivu. Kipofu angeuona.

Bosi alianza. Ilikuwa sherehe. Alizungusha glasi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaingiza pua yote, akaitoa, akatazama dari. "Ninasikia nyasi zilizokatwa," alisema polepole. "Na kwa mbali... kwa mbali sana... asali." Akapitia zote tatu. Akafuta mdomo kwa kitambaa. "Tofauti ni ya tatu."

Mama Povu alishtuka. Akanusa glasi yake ya tatu chini kwa chini.

"Nakubaliana na Bosi," alisema Kizibo, kabla hajamaliza kumeza. "Ya tatu. Asali hiyo mtu hawezi kuikosa."

Hawa walikuwa wataalamu wa miaka thelathini. Yeye alikuwa nani? Fundi wa maabara mwenye ndoo mbili. Akanusa tena ya pili: ndizi. Ya tatu: hapana, hakuna asali wala babu yake asali. Kama wao wamepatia, yeye hajui kitu, na bia yake yote ni kubahatisha. Kama yeye amepatia... Hakuwa na muda wa kumaliza wazo, kwa kuwa baba yake alikuwa ameshika glasi ya kwanza.

Akapiga moyo konde. Pua yangu ni pua yangu, alijiambia. Mzee akainua ya kwanza, akaishusha. Akainua ya pili.

Mama Povu akauma mdomo. Aliuma kwa nguvu zote, kwa mapenzi yote, kwa mazoezi ya wiki nzima, meno ya juu yakiwa nje yote na macho yamemtoka.

"Binti," alisema Bosi, "una jino bovu?"

Mzee alimtazama binti yake juu ya ukingo wa glasi. Alitazama ule mdomo. Miaka saba alikuwa akiuona ukiumwa kidogo tu, kwa siri, na mwenyewe hana habari. Huu wa leo ulikuwa ubao wa matangazo. Mama Povu aliona uso wa baba yake ukibadilika, akajua kwamba amejua kwamba anajua, na kwamba sasa hakuna pa kujificha kwa yeyote kati yao.

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka bia ikamwagika kwenye shati la kola. Kisha akaweka glasi chini, taratibu, akajipangusa.

"Mwanangu, uachie mdomo wako. Utautoa damu." Akawageukia wenzake. "Sisikii kitu. Harufu yoyote. Tangu yale mafua, huu mwaka wa saba. Nimekuwa nikisoma uso wa huyu mtoto."

Jikoni, kijiko cha chai kiliacha kukoroga.

"Baba," alisema Mama Povu. "Kwa nini basi kila mara ulisema bado? Ungeweza kusema tu imeiva. Nisingejua. Ningefurahi."

"Ningesemaje imeiva na sijaisikia? Hilo lingekuwa uongo, na hilo neno ndilo ulilokuwa unalitaka. Nisingeweza kukupa la uongo." Alitazama mikono yake. "Na tena ukishaambiwa imeiva, si ungeacha kupika? Bado ina Jumamosi nyingine mbele yake. Nilikuwa naamka kwa sababu hiyo, mwanangu. Samahani. Nimekusumbua sana."

Mama Povu alilia hapohapo mezani, bila kujificha, akicheka nusu yake, na akashindwa kusema chochote zaidi ya "Baba wewe, Baba wewe."

Bosi alikuwa amelegeza tai. Alikohoa. Alitazama glasi yake ya tatu, ile yenye asali.

"Afadhali umesema wewe," alisema. "Mimi ni mwaka wa nne."

"Wewe?" Kizibo akaruka kwenye kiti. "Na zile nyasi?"

"Nyasi nilizikumbuka."

"Na asali?"

"Kizibo, wewe ndiye uliyesema asali hiyo mtu hawezi kuikosa."

Kizibo alitazama pembeni, akakuna sikio. "Mimi pua ya kushoto inasikia kidogo," alisema. "Asubuhi. Kama sijapata mafua." Akafikiri. "Nina mafua."

Mlango wa jiko ulifunguka, mkwe akatoa kichwa. "Samahani wazee wangu, niulize tu. Ya pili ndiyo tofauti. Kuna aliyepata?"

"Nimepata mimi," alisema Mama Povu, akipangusa macho.

Wazee watatu wakageuka kwa pamoja wakamtazama. Ilichukua muda kidogo hesabu hiyo kuwaingia: meza moja, miaka tisini na zaidi ya kuonja, na pua moja tu nzima, na pua yenyewe ni ya aliyepika.

"Sheria inasema aliyepika hana kauli," alisema Kizibo.

"Sheria niliiandika mimi," alisema Bosi. "Naifuta. Binti, ikoje hii?"

Mama Povu aliinua mpiko wa arobaini na nne. Aliogopa. Miaka yote alinusa bia yake kama mtu anayechungulia barua ya mwingine, haraka, tayari kuambiwa amekosea. Sasa aliinusa taratibu, akaivuta ndani, akaionja, akaiacha itembee.

"Ni nzuri," alisema.

"Nzuri si neno," alisema baba yake. Sauti ilikuwa imebadilika, ilikuwa ya mtu aliyerudi kazini. "Nzuri vipi? Anza na harufu. Usiruke. Mwanzo kuna nini?"

"Mkate," alisema. "Ganda la mkate, pale unapotoka tu kwenye oveni."

Mzee akachukua glasi yake, akafumba macho, akanywa. Bosi na Kizibo wakafanya hivyohivyo.

"Nyuma ya mkate?"

"Kuna chungwa. Si tunda lenyewe, ni ganda, ukilikunja na vidole likakurukia."

Wakanywa. Kizibo alitikisa kichwa polepole kukubali, midomo imekaza.

"Ehe. Na uchungu?"

"Unakuja mwishoni. Unakaa kidogo kwenye ulimi, huku pembeni, halafu unaondoka wenyewe. Haukwaruzi. Ukishaondoka, mdomo unataka tena."

"Ni kweli," alisema mzee, macho bado yamefumba, machozi yanamshuka bila yeye kujali. "Kweli kabisa. Ndivyo ilivyo." Akanywa iliyobaki mpaka tone la mwisho, akanyoosha mkono wenye glasi tupu upande aliokuwa amekaa binti yake, amwongezee.